Usimwambie mtoto "acha mawazo"

Wandugu, Ijumaa moja jioni mama jirani yetu hapa Base Camp alikuwa hajarudi. Asubuhi sana alipanda taxi ya Mbarara na mtoto mchanga mgongoni kwenda hospitali kubwa, akasema atarudi kabla ya giza. Saa moja ikafika, saa mbili, saa tatu. Simu haipatikani. Nyumbani aliacha watoto watatu, msichana wa miaka 13, mdogo wake wa kiume wa miaka 10, na mdogo wao wa miaka 7. Yule msichana akaja kunigongea. Hakuja kwa sababu ya mama. Alisema, "Kaka, kuja unisaidie, hawa batoto wananishinda."

Nilichokuta ni hiki. Msichana alikuwa ameweka sufuria ya uji motoni, pembeni kuna beseni la maharage yaliyolowekwa, na anaongea kama mtu mzima: "Simu yake imeisha chaji. Wamemlaza pale na mtoto." Yule wa miaka 10 amekaa mlangoni na fimbo mkononi, nguo zake zote ziko kwenye mfuko wa plastiki, na ameshampiga mdogo wake mara mbili. Nilipomuuliza kuna nini akasema, "Ametutupa. Njo vile na papa alifanya." Wa tatu alikuwa chini ya blanketi, halii kwa sauti, anatetemeka tu. Ilichukua muda mpaka aseme. Asubuhi alikataa kwenda kuchota maji, na mama kwa hasira akamwambia maneno ambayo mama zetu wote wanasema, "Wewe na hiyo kichwa ngumu yako utaniua." Sasa mama hajarudi. Kwa mtoto wa miaka 7 hesabu ilikuwa imefungwa. Yeye ndiye ameua mama.

Nyumba moja, usiku mmoja, mama mmoja hajarudi. Mmoja anapika, mmoja anapigana, mmoja anatetemeka. Kilichotokea kilikuwa kimoja kwa wote watatu. Tofauti ilikuwa kwa kile ambacho kila mmoja alijiambia ndani ya kichwa.

Na mimi, ambaye kila Jumamosi nakaa na watoto chini ya mti na kujiita mwezeshaji, unajua niliwaambia nini? "Acheni mawazo, laleni, mama atakuja." Hakuna aliyelala.

Nimekuwa nikifikiri juu ya sentensi hiyo tangu siku ile, kwa sababu ndiyo dawa yetu ya kila kitu hapa Nakivale. Mtu amefiwa: acha mawazo. Mtu process yake imekwama mwaka wa nane: acha mawazo. Mtoto anakojoa kitandani tangu wafike kutoka Kongo: mwambieni aache mawazo. Tunasema kwa upendo, sikatai. Lakini haifanyi kazi, na kwa mtoto inaweza kuharibu zaidi, na ndiyo maana naandika.

Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi. Usifikirie nyoka. Dakika moja nzima, nyoka asipite kichwani. Umeona? Mwaka 1987 mwanasaikolojia mmoja Mmarekani, Daniel Wegner, alifanya jaribio kama hilo na wanafunzi. Aliwaambia wasifikirie dubu mweupe, na kila dubu akipita kichwani wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye walipoambiwa sasa mnaruhusiwa kumfikiria, dubu alikuja mara nyingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wazo ukilifukuza linazunguka nyumba na kuingia kwa dirisha. Sasa mtoto akiambiwa aache, anajaribu, anashindwa, na juu ya hofu yake anaongeza kitu kingine: hata kuacha mawazo nimeshindwa, basi mimi nina shida. Anajifunza kunyamaza. Ukimuuliza anasema "niko bien" huku machozi yako machoni. Nani kati yetu hajamsikia mtoto wa Kongo akisema "niko bien" na wewe unaona kabisa hayuko?

Kwa Kiswahili neno mawazo lina kazi mbili. Mawazo ni yale mtu anayofikiri. Lakini ukisema "yule mama ana mawazo", hakuna anayedhani unamsifu akili. Tunaelewa kwamba halali, hali, moyo umelemewa. Lugha yetu ilishaona zamani kwamba kufikiri na kuumia moyo vinakaa nyumba moja. Na kuna jambo lingine kwenye Kiswahili chetu cha Kongo ambalo nalipenda. Hasira tunaisikia. "Nasikia hasira." "Nasikia uchungu." "Nasikia woga." Kama vile kuna mtu amesema kitu. Basi mimi naanzia hapo na watoto. Mtoto akisema nasikia hasira, namuuliza: umesikia imesema nini?

Wengine mtasema haya ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwamba daktari aliyeyaweka vizuri kwa utaratibu alikuwa Mmarekani, Aaron Beck. Katika miaka ya 1960 alikuwa anasikiliza wagonjwa wenye huzuni nzito, akagundua kwamba kati ya jambo linalotokea na huzuni inayofuata kuna wazo fupi, linapita mbio, mwenye nalo karibu halioni: sina maana, hakuna anayenitaka, yote yameharibika. Akaanza kuwafundisha watu kulikamata wazo lile na kuliuliza maswali kama mtu anavyomuuliza shahidi. Hiyo tu. Bibi yangu kule Kivu hakumjua Beck, lakini ukifika kwake unalia kwamba fulani anakuchukia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekwambia, au umejiambia?" Sidhani kama ni la wazungu.

Tunavyofanya Jumamosi ni rahisi na hakuhitaji mradi wala fulana zenye nembo. Fimbo na vumbi vinatosha. Nachora miduara minne chini. Wa kwanza ni kilichotokea, kile ambacho hata simu ingeweza kukipiga picha. Wa pili ni nilichojiambia. Wa tatu ni nilichosikia, moyoni na mwilini pia, kwa sababu watoto wadogo hofu wanaijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa jina. Wa nne ni nilichofanya. Mtoto anasimama kwenye mduara na kusema. Karibu wote wanaruka wa pili. Wanatoka kwenye kilichotokea moja kwa moja mpaka nilichofanya: "Alinicheka, nikampiga." Hapo namrudisha. Alicheka, ukajiambia nini? Kimya. Kisha, polepole: "Nikajiambia anacheka viatu vyangu." Alisema viatu? "Hapana." Wakati mwingine yule mwingine yuko palepale kwenye kikundi na anasema alikuwa anacheka mbuzi.

Wadogo kabisa, wa miaka 5 au 6, siwapi miduara yote. Kwao ni majina ya hisia tu, maana wengi wana mawili, vizuri na vibaya, na kati yake hakuna kitu. Ukimfundisha mtoto neno aibu, neno wivu, neno upweke, umempa sehemu ya kuweka kitu ambacho kilikuwa kinatoka kwa ngumi. Na kwa hao tunazungumza juu ya mtoto wa kwenye hadithi, au sungura. Kujitazama mwenyewe ukifikiri ni kazi ngumu, hata kwa watu wazima.

Niwape mfano mmoja nilioufuata kwa muda mrefu. Kuna kijana wa miaka 14 aliyetoka upande wa Rutshuru vita vya M23 viliporudi. Kwao alikuwa amemaliza darasa la tano, kwa Kifaransa, na alikuwa kati ya wa kwanza. Kufika hapa, Kiingereza hajui, wakamweka P3. Mnaijua hadithi hii, iko kwenye nyumba nyingi. Anakaa na watoto wa miaka 9, magoti hayaingii chini ya dawati, wanamwita mzee. Mwezi wa kwanza alikaa nyuma. Wa pili akaanza kupotea. Wa tatu nikawa namuona ziwani na wavuvi saa za masomo.

Siku alipokubali kusimama kwenye mduara wa pili alisema maneno matatu, "Miye niko mujinga." Hakusema "nafikiri". Alisema kama mtu anavyosema jina lake.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Haraka yetu ni kumjibu: hapana, wewe una akili, wewe utakuwa rais! Mtoto haamini, na ana haki ya kutoamini, maana hatujamwonyesha kitu. Tunabadilisha neno letu kwa neno lake, na lake ana ushahidi wa kila siku, dawati, kicheko, karatasi yenye alama nyekundu. Basi nikamuuliza kama tuko kwa polisi. Nani shahidi kwamba wewe ni mjinga? Akataja P3. Nikamuuliza, mjinga anaweza kugawanya sehemu kwa sehemu, nusu kwa robo? Akacheka, akachora vumbini, akapata jibu. Kulikuwa na msichana wa P6 pale akasema hiyo wao bado inawasumbua. Nikamuuliza tena: uliposhindwa mtihani, ulishindwa hesabu au ulishindwa kusoma swali? Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Swali."

Wazo aliloondoka nalo halikuwa "mimi ni genius". Lilikuwa "Kiingereza bado sijui". Ni wazo dogo, halipendezi kwenye bango. Lakini angalia vile yanavyozaa. Mjinga hana la kufanya, anakaa nyuma au anaenda ziwani. Asiyejua Kiingereza bado anaweza kujifunza Kiingereza. Yule msichana wa P6 na yeye wakapatana, anamfundisha hesabu na yeye anamfundisha kusoma maswali. Akarudi shule. Sitawadanganya kwamba sasa ni wa kwanza. Kuna wiki anakosa kwa sababu anaenda kulima kwa watu ili nyumbani wapate unga, na kuna siku ile sentensi ya zamani inarudi. Tofauti ni kwamba sasa anaijua sura yake. Siku moja aliniambia, "Leo imenisemea tena." Imenisemea! Yaani ile sauti sasa anaiona kama mtu mwingine, anaweza kubishana naye.

Mpaka hapo mtaona kama nauza dawa. Sasa niseme upande ambao unaniumiza, kwa sababu nimeona mafunzo haya yakigeuzwa kuwa kitu kibaya.

Kuna mgeni alikuja kuzungumza na vijana, sitamtaja, ana kipaza sauti kizuri. Alituambia kwamba umaskini uko kichwani, kwamba mkimbizi anayewaza ushindi atashinda, kwamba njaa ni mtazamo. Tulipiga makofi kwa sababu kulikuwa na soda. Pembeni yangu alikaa mvulana ambaye najua kwao walikula mara moja siku iliyopita. Nilimwangalia akiangalia chini. Alijifunza nini siku ile? Kwamba hata njaa yake ni kosa lake.

Wandugu, njaa haiko kichwani. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, WFP iliwagawa wakimbizi wa Uganda kwa makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Mwaka 2025 yakaja makato mengine, watu karibu milioni moja wakatolewa. Mtoto ambaye anawaza "leo hatutakula" na kweli hakuna posho ndani, wazo lake halina kasoro. Linaona vizuri. Ukimwambia abadilishe wazo hilo unamfundisha kutoamini macho yake, na mtoto asiyeamini macho yake ni rahisi sana kudanganywa, na watu wabaya wanalijua hilo.

Kwa hiyo mduara wa pili una swali moja ambalo haliruhusiwi kurukwa, je, ni kweli? Na lazima sisi wakubwa tukubali kwamba mara nyingi jibu litakuwa ndiyo. Mtoto anasema mwalimu ananichukia, ananipiga kila siku. Labda kuchukia ni kujiambia. Kupiga ni kutokea, kunaenda mduara wa kwanza, na hapo kazi inakuwa ya mtu mzima. Sheria ya watoto ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza fimbo shuleni. Basi inuka uende shuleni ukaongee, usibaki kumrekebisha mtoto kichwa. Mtoto anasema naogopa kubaki nyumbani na mjomba. Usimuulize ushahidi kama polisi! Msikilize, mwamini, tafuta msaada siku hiyohiyo. Miduara hii ni ya mambo ya kucheka viatu na kushindwa mtihani. Mtu akitumia miduara kumnyamazisha mtoto aliyeumizwa, ni bora asingejifunza kabisa.

Na wazo likiwa kweli na zito, kama lile la chakula, bado kuna la kufanya, lakini siyo kulibadilisha. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi na watu wenye kile ambacho Washona wanaita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni ndugu wa mawazo yetu kabisa. Utafiti wake uliotoka mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na wahudumu wale walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Na bibi wale hawakuwaambia watu waache kufikiri. Waliwasaidia kuyataja matatizo yote, kuchagua moja, na kutafuta hatua moja ndogo. Mtoto pia anaweza hivyo. "Leo hatutakula" ni kweli. Ndani yake mara nyingi kuna la pili limejificha, "na hakuna anayejali", na hilo linaweza kuwa uongo. Tukitenganisha mawili haya, la kwanza linabaki na uzito wake, lakini analibeba akijua mlango wa jirani wa kugonga.

Tena kuna mizigo ambayo vumbi na fimbo haviwezi. Watoto wetu wengine wameona vitu. Hao siwaulizi Jumamosi mbele ya wengine waeleze vita, na nawaomba vikundi vingine vyote visifanye hivyo, hata kama mgeni mwenye kamera anataka kusikia. Kidonda kama hicho kina njia yake. Na hapa nina jambo ambalo vijana wengi wa Nakivale hawalijui, lilitokea hapahapa kwetu. Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walifanya kazi na wakimbizi wa Nakivale kwa njia ambayo mtu anasimulia maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, siyo kile kipande kibaya tu. Kuna namna yake ya watoto, ambapo kamba inalazwa chini kama maisha, ua linawekwa pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipouma. Mwaka 2005 walichapisha habari za watoto sita Wasomali wa settlement yetu waliopitia njia hiyo, na dalili zao zilipungua sana. Mwaka 2008 wakachapisha utafiti mkubwa zaidi, wakimbizi 277 Wanyarwanda na Wasomali. Na washauri waliofanya kazi ile hawakuwa madaktari kutoka mbali. Walikuwa watu wa jamii ya wakimbizi wenyewe, waliofundishwa wiki sita. Watu kama mimi na wewe, wanaochota maji pale unapochota. Nikifikiria hilo nasikia, samahani, nasikia fahari, na nasikia pia aibu kidogo kwamba sisi tulirudi kwenye "acha mawazo".

Kwa hiyo mtoto asiyelala wiki nyingi, anayeona vitu usiku, anayesema afadhali kufa, huyo siyo wa mti wetu. Mpeleke kwa wahudumu wa afya hapa settlement, na wakisema Mbarara, basi ni Mbarara. Najua nauli. Najua pia watu watasema amekuwa kichaa. Mimi nimekaa kwenye benchi la Mbarara na mtoto wa ndugu yangu nikiinamisha kofia ili mtu wa Nakivale asinione, kwa hiyo simhukumu mtu. Lakini tulienda.

Sasa wazazi. Hapa naongea kwa heshima, maana mimi ni mdogo na wengine mmenilea. Mtoto hajifunzi kujiambia kwa miduara ya saa moja Jumamosi. Anajifunza kwa kusikiliza nyumba. Mama akivunja kikombe na kusema "mimi kila kitu kinaniharibikia", mtoto anaandika. Papa akisema kila jioni kwamba hapa hakuna maisha, maisha yataanza siku tutakapoenda Marekani, mtoto anaandika pia, halafu tunashangaa hafungui daftari. Wasomali wana neno buufis, ile hamu ya kuhamia nchi ya mbali inayokula mtu mpaka hapa alipo hapaoni tena. Watoto wanaipata bila kujua hata iko kwenye ramani gani. Sisemi msitamani. Na mimi nina faili. Nasema tu mtoto akikuuliza "kwa nini nisome hapa?", ujue hilo swali alilisikia kwanza kwako.

Na lile la "utaniua". Naliogopa sasa. Watoto wadogo wanaamini kwamba wao ndio chanzo cha kila kitu. Kwao mvua inanyesha kwa sababu walikataa kuoga. Kuna watoto hapa ambao wanaamini papa aliuawa kwa sababu yao, kwa sababu walikohoa walipojificha, kwa sababu walitaka kurudi kuchukua kandambili. Hawatasema mpaka mtu awaulize ile ya mduara wa pili, na aulize akiwa na muda. Mama akisema "nimechoka leo, nisaidie maji", hasira yake inafika ileile, na hakuna mtoto atakayeibeba usiku.

Yule mama alirudi Jumamosi saa nne asubuhi. Mtoto mchanga alilazwa usiku mmoja kwa dripu, simu iliisha chaji, na hakuwa na namba yoyote kichwani. Kijana wa miaka 10 alipomwona alikimbia nyuma ya nyumba, akarudisha nguo zake kwenye kamba moja moja kama vile alikuwa amezifua. Mdogo alimshika kitenge na hakuachia mpaka jioni. Mama alipoelezwa juu ya "utaniua" alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Dada yao nilimwona kama wiki mbili baadaye. Nilimwambia siku ile wewe ulikuwa na moyo wa chuma, hukuogopa. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa. Akasema aliogopa sana, na kwamba yeye pia alijiambia mama ametutupa, alijiambia hivyo kabla ya mdogo wake. Halafu akaangalia ndani ya nyumba kutafuta kama ni kweli, akaona lile beseni.

"Kaka," aliniambia, "mtu anayetoroka hawezi kuloweka maharage."